Kwa Nini Bingwa wa Wimbledon Hakuwa na Hela: Althea Gibson na Tenisi ya Ridhaa

Anayefuatilia ngumi anayajua maneno haya mawili: ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Bondia wa ridhaa anapigania medali na bendera ya taifa. Wa kulipwa anapigania mkataba na mkanda. Mtu anaanzia huku akahamia kule, na hakuna anayemshangaa. Tenisi nayo iligawanyika hivyo hivyo hadi mwaka 1968, ila kwa tofauti moja kubwa. Mashindano yote manne yenye heshima, yaani Wimbledon, ya Ufaransa, ya Australia na ya Marekani, yalikuwa upande wa ridhaa. Ukishapokea malipo kwa kucheza, milango yote minne inafungwa. Kwa kanuni, bingwa wa dunia alitakiwa awe mtu asiyelipwa.

Bila kulishika jambo hilo, maisha ya Althea Gibson yanabaki fumbo.

Jumamosi ya tarehe 6 Julai 1957, siku ya joto kali jijini London, Gibson alimfunga Darlene Hard 6-3, 6-2 katika fainali ya Wimbledon, akapokea sahani ya ubingwa kutoka mikononi mwa Malkia Elizabeth II. Kabla yake hakuna mtu mweusi, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kutwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja pale. Siku 5 baadaye New York ilimpitisha Broadway kwenye gari la wazi, watu wakimmwagia vipande vya karatasi kutoka madirishani. Kabla yake, Mmarekani mweusi aliyepewa mapokezi ya aina hiyo alikuwa mwanariadha Jesse Owens. Na baada ya shangwe zote hizo, mwanamke huyu alirudi kwenye akaunti ya benki isiyo na kitu. Baadaye aliandika kwamba umalkia wa tenisi ni mzuri, lakini taji haliliwi, na mwenye nyumba, mwenye duka na mtoza kodi wote wanataka fedha taslimu.

Imekuwaje? Jibu linalotolewa haraka ni ubaguzi wa rangi. Ni jibu la kweli, ila linaeleza nusu tu. Mlango aliokutana nao Gibson ulikuwa na makufuli mawili, la rangi na la pesa, na alipofanikiwa kulifungua la kwanza, watu walishangilia kiasi kwamba la pili halikuonekana. Njia nzuri ya kuliona ni kumfuata hatua kwa hatua na kuuliza swali moja la kinyumbani kabisa: hapa nani alilipa?

Mchango wa majirani

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 huko Silver, South Carolina. Wazazi wake walilima pamba kwenye ardhi ya mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye ardhi, mpango ambao mara nyingi ulimwachia mkulima deni. Akiwa bado mdogo familia ilihamia Harlem, New York, na wakapanga Mtaa wa 143. Kwa bahati, kipande cha mtaa huo kilikuwa kikifungwa magari mchana ili watoto wacheze, chini ya mpango wa polisi wa jiji. Pale palichorwa mistari ya mchezo mdogo unaofanana na tenisi, unaochezwa kwa kibao cha mbao. Kufikia mwaka 1939, akiwa na miaka 12, Althea alikuwa bingwa wa mchezo huo kwa jiji zima upande wa wanawake.

Mwanamuziki mmoja aliyesimamia michezo ya watoto mtaani, Buddy Walker, ndiye aliyemwona na kumpatia raketi halisi zilizokwisha kutumika. Kisha majirani wakachanga. Walichanga ili binti huyu alipiwe uanachama na mafunzo kwenye klabu ya Cosmopolitan, klabu ya tenisi ya watu weusi wenye nafasi pale pale Harlem, ambako kocha Fred Johnson, mtu mwenye mkono mmoja, alimfundisha namna ya kusimama na kupiga. Hapa ndipo jibu la kwanza la swali letu linapopatikana: walilipa watu wa mtaa, watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa tenisi.

Mlango usio na maandishi

Kufuli la rangi lilikuwa la ajabu kwa sababu halikuwa na tangazo mlangoni. Marekani ilikuwa na vyama viwili vya tenisi. USLTA, kilichoanzishwa mwaka 1881, ndicho kilichoandaa mashindano ya taifa huko Forest Hills, New York. ATA, kilichoanzishwa mwaka 1916, kilikuwa cha watu weusi, waliounda mashindano yao kwa sababu kule kwingine hawakupokelewa. Mwaka 1929 vijana wawili weusi, Reginald Weir na Gerald Norman, walijiandikisha katika mashindano ya USLTA ya vijana na wakakataliwa. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilipolalamika, jibu lilikuwa kwamba kutowakubali wachezaji weusi ndiyo desturi ya chama.

Kufikia miaka ya 1940 kauli kama hizo hazikusemwa hadharani kwa urahisi, na wala hazikuhitajika, kwa kuwa mfumo wenyewe ulifanya kazi hiyo. Ili ukubaliwe Forest Hills ulitakiwa uwe umeonyesha uwezo katika mashindano ya viwanja vya nyasi ya majira ya kiangazi. Mashindano hayo yalifanyika kwenye klabu binafsi, na mchezaji aliingia kwa mwaliko wa klabu. Klabu hizo hazikuwa na wanachama weusi na hazikualika weusi. Kwa hiyo chama kiliweza kusema kwa uso mkavu kwamba hakimzuii mtu yeyote: alete tu matokeo yake. Nasi tunazijua klabu za namna hiyo, ambako uwanja unauona kwa nje ya ua, na sababu ya wewe kutoingia haijaandikwa popote.

Mwaka 1946 Gibson alifika fainali ya wanawake ya ATA akafungwa na Roumania Peters. Waliokuwa wakitazama ni pamoja na madaktari wawili weusi waliopenda tenisi, Hubert Eaton wa Wilmington, North Carolina, na Robert Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia. Wakaona kipaji kilichofungwa na uchanga tu. Wakapanga hivi: msimu wa masomo akae kwa Eaton na kumaliza sekondari aliyokuwa ameiacha, kiangazi akae kwa Johnson na kuzunguka naye kwenye mashindano. Wote wawili walikuwa na viwanja nyumbani kwao, kwa sababu viwanja vya umma vya kusini havikuwa vya watu wa rangi yao.

Fikiria gharama ya mpango huo kwa miaka: chakula, nguo, viatu, raketi, nauli, ada. Hapa ndipo ridhaa inapoanza kujieleza. Neno lenyewe linasikika safi, mtu anacheza kwa kupenda kwake, bila tamaa ya fedha. Lakini tenisi ya kiwango cha juu inataka miaka kumi ya mazoezi, safari na muda usio na kazi nyingine. Mtoto wa tajiri analipiwa na baba yake, kisha anaitwa mchezaji asiye na tamaa. Mtoto wa mkulima wa pamba anahitaji mfadhili. Gibson alibahatika kupata wawili, na aliwalipa kwa njia pekee iliyokuwapo: kuanzia 1947 alishinda ubingwa wa ATA mara 10 mfululizo.

Kwa upande mwingine wa taifa, hayo yote hayakuhesabika. Ndipo Julai 1950 Alice Marble, aliyekuwa ameshinda ubingwa wa Marekani mara 4 na Wimbledon mwaka 1939, akaandika barua katika jarida la tenisi la Marekani. Alieleza wazi alichoambiwa na mjumbe mmoja wa kamati: kwamba Gibson hatakubaliwa bila matokeo ya mashindano makubwa ya mashariki, na kwamba hatayapata matokeo hayo kwa kuwa hatapewa mwaliko. Aliuita mzunguko huo unafiki. Alisema kama tenisi ni mchezo wa mabibi na mabwana, basi wakati umefika wa kutenda kama watu waungwana. Mimi naiheshimu barua ile kuliko hotuba nyingi za enzi hizo, maana mwandishi wake alikuwa mtu wa ndani ya klabu, na alichokifanya ni kuonyesha kufuli lilivyotengenezwa, meno yake na chemchemi yake.

Klabu moja ya New Jersey ikamwalika. Mwezi Agosti, akiwa na miaka 23, akaingia Forest Hills, mchezaji mweusi wa kwanza kwenye mashindano yale. Katika raundi ya pili alikutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon wa wakati huo. Gibson akapoteza seti ya kwanza 6-1, akashinda ya pili 6-3, na katika ya tatu alikuwa mbele 7-6 radi ilipoanza kunguruma. Mvua ikamwagika, na radi ikapiga mmoja wa tai wa mawe waliopamba ukuta wa uwanja, akaanguka. Mchezo ukaahirishwa. Kesho yake Brough alihitaji dakika 11 tu kuchukua gemu tatu mfululizo na kushinda 9-7. Kwa usiku mzima ule, binti wa Mtaa wa 143 alilala akiwa gemu moja kutoka kumwangusha bingwa wa Wimbledon.

Ndani ya chumba kisicho na mshahara

Tangu siku hiyo magazeti yalizoea kumfananisha na Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyeingia ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Ulinganisho huo unarudiwa hadi leo, na nadhani ndio uliowachanganya wengi. Besiboli ilikuwa mchezo wa kulipwa. Robinson alipovuka mstari wa rangi aliingia kwenye orodha ya mishahara. Mwaka wake wa kwanza Brooklyn Dodgers walimlipa dola 5,000, na ukaongezeka baadaye. Alivumilia matusi makubwa, lakini alikuwa kazini. Gibson alipovuka mstari huo huo aliingia kwenye chumba ambamo, kwa kanuni, hakuna aliyelipwa. Wenzake weupe walikuwa na familia, waume, au klabu nyuma yao. Kilichoruhusiwa ni posho: nauli, malazi, chakula. Chini ya meza waandaaji waliwapa nyota fedha za ziada, hasa wanaume, na kila mtu alijua. Lakini fedha ya siri inapewa mtu anayekubalika, na mwenye kuipata hana pa kudai akipunjwa.

Matokeo yake yanaonekana katika miaka ambayo wasimulizi hupenda kuiruka, 1951 hadi 1955. Mwaka 1951 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza Wimbledon, akatolewa raundi ya tatu na Beverly Baker. Alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Florida A&M kwa ufadhili, akahitimu mwaka 1953, kisha akaenda kufundisha elimu ya viungo Chuo Kikuu cha Lincoln, Missouri. Mwaka 1953 aliorodheshwa wa 7 kwa ubora nchini mwake. Mwaka 1954 akaporomoka hadi wa 13. Waandishi walianza kumwita tamaa iliyovunjika. Lakini tazama ratiba yake: mwalimu wa chuo anafundisha mwaka mzima, anapata wiki chache za kiangazi, anakutana na watu wanaocheza kila wiki. Kipaji hakikupungua. Hakukuwa na mtu wa kulipia wiki hizo nyingine. Alifikia hatua ya kujaza fomu za kujiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi, apate mshahara wa uhakika na kuachana na raketi.

Kocha Sydney Llewellyn wa Harlem alikuwa amebadilisha mshiko wake wa raketi na kumfundisha kupanga mchezo badala ya kutegemea nguvu peke yake. Hilo lilisaidia. Kilichomwokoa hasa, hata hivyo, kilitoka mahali pasipotarajiwa: Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Agosti 1955 mvulana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili huko Mississippi, na waliomuua wakaachiwa na mahakama. Habari hizo zilizunguka dunia nzima, zikasomwa katika nchi za Asia zilizokuwa zimetoka kupata uhuru, ambazo Marekani na Urusi ya Kisovyeti zilikuwa zikigombania urafiki wao. Miezi michache baadaye Gibson akaombwa kuungana na wachezaji watatu weupe, Karol Fageros, Ham Richardson na Bob Perry, katika ziara ya kujenga urafiki: Burma (Myanmar ya leo), India, Pakistan, Ceylon (Sri Lanka ya leo). Aliijua sababu ya kuchaguliwa. Mwenyewe alikiri kwamba rangi yake ilikuwa na nafasi katika uteuzi ule. Akaenda. Na kwa mara ya kwanza maishani akacheza mashindano baada ya mashindano, wiki baada ya wiki, gharama zote zikilipwa na serikali. Ninapoyasoma matokeo ya mwaka uliofuata sioni muujiza. Naona mchezaji aliyepata mazoezi aliyoyakosa kwa miaka mitano.

Mei 1956, Paris, alimfunga Mwingereza Angela Mortimer 6-0, 12-10 katika fainali ya Ufaransa, mtu mweusi wa kwanza kushinda lolote kati ya mashindano yale manne. Taji la wawili wawili alilitwaa pamoja na Angela Buxton, Mwingereza Myahudi waliyefahamiana India. Buxton naye alijua kufungiwa mlango, kwa dini yake. Walikuwa wapweke wawili kwenye ziara moja: hakuna aliyekuwa na haraka ya kucheza na yeyote kati yao, basi wakacheza pamoja, na wiki chache baadaye wakachukua na taji la wawili wawili la Wimbledon. Gibson alipokuwa London alilala nyumbani kwa akina Buxton. Urafiki huu mtautunza kichwani, maana utarudi.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa yake. Alikuwa mrefu, karibu mita 1.80, akianzisha mpira kwa nguvu aliufuata mbio mpaka wavuni na kuumalizia hewani, mchezo unaofaa sana nyasi ambako mpira hauinuki. Mwaka 1957 Wimbledon, kisha Forest Hills dhidi ya yule yule Brough, 6-3, 6-2, miaka 7 baada ya radi. Mwaka 1958 akayatetea yote mawili: alimfunga Mortimer 8-6, 6-2 London na Hard 3-6, 6-1, 6-2 New York. Ukijumlisha na mataji ya wawili wawili na ya mseto, yaani mwanamume na mwanamke pamoja, ni mataji 11 makubwa, yote ndani ya misimu mitatu.

Katikati ya sifa hizo, kufuli la kwanza nalo lilikuwa halijaondoka. Mwezi ule ule wa Julai 1957, Broadway ikiwa bado haijafagiliwa vizuri, alikwenda kucheza karibu na Chicago na hoteli ikakataa kumpa chumba. Upande mwingine magazeti ya watu weusi yalimlaumu kwa kukataa kujifanya msemaji wa watu wake. Alisema yeye ni mchezaji tenisi, wala hakuomba kubeba bendera. Baadhi ya wasomaji bado wanaona ugumu kumsamehe hilo. Mimi naona lawama ile ilimdai kazi ya pili isiyolipwa juu ya ile ya kwanza isiyolipwa.

Kwa nini hakuvuka kwenda kwenye kulipwa?

Alivuka. Mwishoni mwa 1958, akiwa bingwa wa Wimbledon na Marekani, umri miaka 31, alitangaza kuacha mashindano ya ridhaa. Na hapa ndipo uzi unapokatika katika simulizi nyingi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Tenisi ya kulipwa ya wakati ule haikuwa na mashindano ya kudumu kama ya leo. Ilikuwa ziara: mwandaaji anasaini bingwa mpya wa ridhaa, anampambanisha na bingwa wa kulipwa usiku baada ya usiku, mji baada ya mji, kwenye kumbi za ndani, na fedha inatokana na tiketi. Upande wa wanaume Jack Kramer aliiendesha biashara hiyo kwa faida. Upande wa wanawake ilijaribiwa mara chache na kuachwa. Na kumnyemelea mwandaaji kulikuwa hatari: mwaka 1947 Pauline Betz, bingwa wa Wimbledon na Marekani, alifungiwa na USLTA kwa sababu mipango ya kumtafutia ziara ya kulipwa ilikuwa imeanza kuzungumzwa. Hakuwa amepokea hata senti. Maisha yake ya ridhaa yakaishia hapo.

Kwa hiyo Gibson alipofungua mlango wa kulipwa, ndani hapakuwa na ligi. Alipata mkataba wa mwaka mmoja na timu ya maonyesho ya mpira wa kikapu, Harlem Globetrotters, ulioripotiwa kufika karibu dola 100,000. Wavu ulifungwa kwenye sakafu ya mpira wa kikapu, naye akacheza na Fageros kabla ya mchezo wenyewe. Bingwa wa Wimbledon alikuwa burudani ya kusubiria. Mkataba ulipoisha akajaribu kuandaa ziara yake mwenyewe, ikamwachia madeni. Mwaka 1959 alitoa santuri ya nyimbo, maana alikuwa na sauti nzuri na alikuwa ameimba hata kwenye dansi ya mabingwa Wimbledon. Mwaka huo huo aliigiza katika filamu kama mtumishi mtumwa, na alikataa kuyasema maneno yaliyoandikwa kwa lafudhi ya kumdhalilisha, yakarekebishwa. Kampuni moja ya mikate ikamwajiri kuwa sura yake mbele ya jamii ya watu weusi.

Linganisha na njia ya kawaida ya bingwa mweupe aliyestaafu. Anaajiriwa na klabu kufundisha wanachama. Kampuni ya raketi inatumia jina lake, kampuni ya nguo inamvalisha. Hizo ndizo riziki tatu za mchezo ule, na zote zilipita kwenye klabu zile zile ambazo hazikuwa zikimwalika. Hili ndilo fundo lenyewe. Kufuli la pesa lilimwambia: ukitaka kula, toka kwenye ridhaa. Akatoka, na huko nje akalikuta kufuli la rangi likimsubiri, jipya kabisa. Mtu angeweza kuvumilia moja. Pamoja, yalilindana.

Alihamia gofu. Mwaka 1964, akiwa na miaka 37 hivi, akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika ziara ya wanawake ya kulipwa, LPGA. Klabu nyingine zilimruhusu kucheza lakini si kuingia chumba cha kubadilishia nguo, akawa anavaa viatu vyake ndani ya gari. Aliendelea hadi miaka ya 1970. Matokeo yake bora yalikuwa kufungana nafasi ya pili katika mashindano ya mwaka 1970, yaliyoamuliwa kwa mchujo wa ziada. Kujifunza mchezo mpya ukubwani hadi kufika pale ni jambo ambalo, kwa mtu mwingine, lingetosha kuwa habari ya maisha yote.

Miaka kumi

Desemba 1967 chama cha tenisi cha Uingereza, kikiwa kimechoshwa na posho za chini ya meza, kiliamua kufuta tofauti ya ridhaa na kulipwa. Machi 1968 chama cha kimataifa kikaridhia mashindano ya wazi. Mashindano ya kwanza yalifanyika Bournemouth mwezi Aprili. Mshindi wa wanawake, Virginia Wade, aliandikiwa pauni 300 akazikataa, kwa kuwa alikuwa bado amejisajili kama mchezaji wa ridhaa. Wimbledon ya mwaka huo ilimlipa bingwa wa wanaume, Rod Laver, pauni 2,000 na wa wanawake, Billie Jean King, pauni 750. Septemba, huko Forest Hills, Arthur Ashe akashinda ubingwa wa Marekani. Yeye naye alikuwa wa ridhaa, ofisa wa jeshi, basi dola 14,000 zikaenda kwa aliyeshindwa naye kwenye fainali, Tom Okker, na Ashe akabaki na posho. Ashe alilelewa kitenisi na Dk. Robert Johnson wa Lynchburg, daktari yule yule.

Gibson alikuwa na miaka 41. Alijaribu kurudi, akacheza mashindano machache, ila wasichana waliomkabili walikuwa na nusu ya umri wake. Mwaka 1970 wanawake 9 wakajitenga na kuanzisha mashindano yao Houston, baada ya mwandaaji mmoja kumtengea mshindi wa wanaume dola 12,500 na wa wanawake 1,500. Mwaka 1973 mashindano ya wazi ya Marekani yakaanza kulipa sawa. Yote hayo yalikuja miaka kumi hadi kumi na mitano baada ya yeye kuwa bora duniani.

Katikati ya miaka ya 1970 alishika wadhifa wa kusimamia michezo jimbo la New Jersey, mwanamke wa kwanza nchini kwenye nafasi ya aina hiyo. Kisha mwili ukaanza kumsaliti: damu kuvuja kwenye ubongo mwishoni mwa miaka ya 1980, na kiharusi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Dawa na kodi ya nyumba vikala akiba. Aliishi East Orange, akajifungia, simu akawa hapokei.

Mwaka 1995 alimpigia simu Angela Buxton. Alimwambia hana uwezo wa kulipia kodi wala dawa, na kwamba amefikia uamuzi wa kujitoa uhai. Buxton alimtumia fedha zake kwanza. Halafu, bila kumwambia, akapanga barua ichapishwe katika jarida la tenisi ikieleza hali ilivyo. Bahasha zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali, kutoka kwa watu waliowahi kumwona akicheza na wengine waliozaliwa baada ya yeye kuacha, mpaka mchango ukakaribia dola milioni 1. Aliishi miaka 8 mingine. Alifariki tarehe 28 Septemba 2003, akiwa na miaka 76, kodi ikiwa imelipwa.